Tangazo la Fundi Redio

"Nilikwambia, shemeji! Nilikwambia mwaka juzi, nikakwambia mwaka jana, nikakwambia tena mwezi uliopita: marehemu wasiandikwe ubao mmoja na sinema. Ubao wangu si geti la makaburi!"

Mama Chaki alikuwa amesimama mlangoni pa jumba la sinema na kitambaa kibichi mkononi, maji meupe ya chaki yakimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Mwenye jumba, mume wa marehemu dada yake, alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukatia tiketi akijikuna kidevu, kama afanyavyo siku zote akitaka jambo lijipitie lenyewe.

"Na maneno yale, shemeji, niliandika mimi?"

"Wewe ndiye uliyeniambia niandike!"

"Nilikwambia uandike tanzia. Sikukwambia uuze tiketi."

Hapo Mama Chaki akanyamaza. Kwa wanaomjua, hilo peke yake lilikuwa tukio.

Jumba lenyewe zamani lilikuwa ghala la magodoro. Lina viti themanini na viwili, na huwezi kupata viwili vinavyofanana: vya ofisini, vya shule, vya saluni, na benchi moja ambalo hakuna anayekumbuka lilitoka wapi. Halina matangazo ya taa wala picha za kubandika. Lina ubao. Ubao ni mlango wa lile ghala, uliong'olewa bawaba, ukapakwa rangi nyeusi, ukaegemezwa ukutani upande wa barabara. Kila Jumanne asubuhi Mama Chaki huufuta na kuandika sinema za wiki inayokuja. Jina la sinema kwa chaki nyeupe, siku na saa kwa njano, maonyo kwa nyekundu. Na chini ya kila jina, mstari mmoja wa kwake mwenyewe.

Mstari huo ndio watu wanaoufuata. Ili auandike, kila Jumatatu jumba likiwa limefungwa, shemeji yake humwashia mashine, naye hukaa safu ya tatu peke yake, viatu amevua, akaangalia kila sinema itakayoonyeshwa kuanzia mwanzo mpaka majina ya mwisho. Haandiki asichokiona. "Ya kuchekesha, lakini si sana." "Usije na mama mkwe." "Mwanamume ndiye mwenye makosa, atakataa mpaka mwisho." "Leso moja." "Leso mbili." Mtaani watu hawaulizani sinema gani ni nzuri. Wanaulizana Mama Chaki kasemaje.

Mtoto hana. Umama alipewa na mtaa, pamoja na hiyo chaki. Alikuja hapo baada ya msiba wa dada yake, akasema atakaa miezi mitatu, amsaidie shemeji kukata tiketi mpaka atulie. Mwandishi wa ubao wa wakati huo akaondoka bila kuaga. Mama Chaki akashika chaki kwa siku moja tu, maana aliishia darasa la saba lakini mwandiko wake mwalimu alikuwa akiupitisha madawati yote watoto wengine wauone. Siku hiyo moja ina miaka kumi na tisa.

Tanzia zilianza polepole. Familia moja ilikuja kuomba: kila mtu anapita hapa, kila mtu anasoma, tuandikie mazishi ya babu pale chini. Shemeji mtu hajui kumkatalia mtu. Akaja wa pili, akaja wa kumi. Na Jumanne hii ilikuwa zamu ya Fundi Redio, aliyefariki Jumapili alfajiri. Mama Chaki aliandika sinema sita za wiki, akapanda kigoda, akashuka, akapiga magoti, akaandika pale chini:

MAZISHI YA FUNDI REDIO. ALHAMISI SAA KUMI ALASIRI. ONYESHO MOJA TU. WAHI NAFASI.

Akaingia ndani, akafunga dirisha la tiketi, hakutoka tena siku nzima. Alikuja kujua Jumatano asubuhi, pale shemeji yake alipomwonyesha simu. Kuna mtu alikuwa amepiga picha. Mtaa mzima ulikuwa umeshaicheka, na ilikuwa imeshafika nyumbani kwa wafiwa.

"Bi Mapazia ametuma ujumbe," shemeji alisema sasa, sauti ameishusha. Bi Mapazia ni mke wa marehemu, anashona mapazia sebuleni kwake. Hata lile pazia zito la mlango wa jumba alilishona yeye. "Amesema usifike. Nyumbani usifike, na mazikoni kesho usifike."

"Nani kasema nilitaka kufika?"

"Haya."

"Mimi nina kazi."

"Haya, shemeji."

Akageuka akausugua ubao pale chini, mahali palipokwisha kufutika, mpaka rangi nyeusi ikaanza kutoka.

Kwa miaka kumi na tisa, kila Jumanne, Fundi Redio alikuwa mtu wa kwanza kusimama mbele ya ubao huo. Alisoma kwa sauti, kama anatangaza habari, koti lake la kazi limejaa bisibisi. "Hapa mapenzi umeyabana, Mama Chaki, yape nafasi." "Herufi zako zina afya kuliko mimi." Alhamisi alikuja na kuketi kiti kile kile, cha saluni, karibu na mlango. Hakuwa ndugu yake wala hakuwa na lolote naye. Asije mtu akafikiria mengine. Lakini kuna watu wanaosoma ulichokiandika, na kuna watu wanaopita. Yeye alisoma. Na sasa alikuwa anakwenda kuzikwa, na yeye Mama Chaki angekaa dirishani akikata tiketi.

Alikaa dirishani mpaka karibu saa sita. Muuza mkate wa kona akaja, akainama kwenye tundu, meno nje.

"Mama Chaki, mimi nikifa niwekee siku tatu mfululizo. Na watoto nusu bei."

Siku nyingine angemrudishia maneno ambayo angeyatafuna wiki nzima. Alimwangalia tu. Muuza mkate akafunga mdomo taratibu, akaacha mkate mmoja pale dirishani, akaondoka bila kudai kitu.

Mama Chaki akavua aproni. "Shemeji, kaa na tiketi," akasema, akatoka.

Nyumba ya Bi Mapazia ni mwendo wa dakika kumi. Viatu vilikuwa vimejaa kizingitini. Dada wa marehemu alikuwa ameketi mlangoni, miguu ameinyoosha kutoka mwimo hadi mwimo, kizuizi tosha.

"Ehe," akasema. "Umeleta tiketi?"

Mama Chaki alikuwa na jibu, tena la kuwasha. Akalimeza.

"Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi! Kaka yangu yuko mochwari, watu wanachekea simu. Jana mtu kapita hapa kaniuliza mimi, mimi hapa, kiingilio ni bei gani. Nimjibu nini? Nikwambie nilimjibu nini?"

"Wifi." Sauti ilitoka ndani, haikupanda. "Mwache apite. Nina jambo naye."

Miguu ikakunjwa, shingo upande.

Bi Mapazia alikuwa kwenye cherehani. Kitambaa cha kijani kilikuwa kimemfunika magoti na kumwagika mpaka sakafuni, na wanawake wawili waliokuwa wamekaa naye waliinuka wakaenda uani bila kuambiwa.

"Mwenye mapazia haya anahamia nyumba mpya Jumamosi," akasema, kana kwamba ameulizwa. "Na mimi siwezi kukaa bure." Hakumwambia akae. "Kwa nini uliandika vile?"

Njiani Mama Chaki alikuwa amepanga maneno mengi, na shemeji yake alikuwa ndani ya mengi yao. Akayaacha yote.

"Nilikuwa nalia," akasema. "Sikuona nilichoandika. Kila nikimaliza siku na saa mkono unaandika wahi nafasi, miaka yote, ndivyo ulivyozoea. Kwa kawaida nasoma tena. Yake sikusoma. Sikuweza kulisoma lile jina mara ya pili."

Cherehani ikakimbia hadi mwisho wa pindo. Bi Mapazia akakata uzi kwa meno.

"Ulilia?"

"Nililia."

"Wewe?"

"Mimi. Usimwambie mtu."

Mdomo wa Bi Mapazia ulitaka kufanya kitu, haukukifanya. Akasogeza kitambaa, akaonyesha kiti kwa kidevu. Mama Chaki akakaa.

"Alhamisi iliyopita alitoka katikati ya sinema," Bi Mapazia akasema.

"Alitoka. Aliniambia joto. Akasema nimwekee kiti Jumapili aje aimalizie." Akakunja vidole vyenye chaki. "Nilimwekea. Nilikuwa bado sijapata habari. Mtu alitaka kukikalia, nikamfukuza."

Bi Mapazia aliangalia mikono yake. Kisha akaeleza. Yeye hajawahi kuingia kwenye lile jumba. Mapazia hayajishoni, na watu wanahama kila wiki. Kwa hiyo mumewe ndiye aliyekwenda, na kila Alhamisi jioni, yeye akipinda pindo, mume alikaa pale pale alipokaa Mama Chaki sasa, akamsimulia sinema yote, mwanzo mpaka mwisho, na sauti za watu akaziigiza.

"Hii ya mwisho alinisimulia nusu. Mwashi anamjengea nyumba mdogo wake aliye mbali. Mdogo anaandika barua, narudi, narudi. Nyumba ikafika kwenye linta, juu ya madirisha. Nikamwambia malizia. Akasema, mke wangu, hili ni deni, Jumapili nakulipa." Akamtazama Mama Chaki. "Wewe umeiona yote."

"Nimeiona."

"Alikuwa anasimulia vizuri. Yule mwalimu aliyefungwa, siku aliyotoka gerezani akakuta watoto wake wote wanne wamesimama nje wanamngoja. Yule dada wa kwenye treni, alishuka akamkuta mama yake bado mzima."

Mama Chaki akatazama sakafu. Mwalimu yule hakutoka. Alifia ndani, watoto wakaletewa miwani yake. Na mama wa yule dada alizikwa vituo viwili kabla treni haijafika. Aliziona zote mbili safu ya tatu, viatu amevua. Basi miaka yote hiyo, mtu huyu alitoka jumbani na mwisho mmoja akafika nyumbani na mwingine.

Mama Chaki akakohoa, akainua macho.

"Basi, linta ikapita. Paa likapigwa. Siku ya kupaka rangi, mwashi yuko juu ya ngazi, mara anamwona mtu anakuja na begi. Anatazama. Ni mdogo wake..."

"Acha."

Bi Mapazia hakukasirika. Alikuwa ameweka mkono juu ya gurudumu la cherehani.

"Mimi nasoma, Mama Chaki. Kila Jumanne nikienda kununua uzi napita pale kwako. Ukiandika leso mbili, halafu mume wangu anarudi ananiambia watoto wanne wamesimama nje, unafikiri sikujua? Nilijua. Nilimwachia. Alikuwa anachelewa kurudi kwa sababu anatembea polepole, ananitafutia mwisho. Ilikuwa zawadi yake, sikutaka kuifungua mbele yake." Macho yalikuwa yamejaa lakini sauti ilikuwa imenyooka. "Yeye hayupo. Na wewe si yeye. Hii uliiandikia nini chini?"

"Niliandika, njoo na mtu wa kukushika mkono."

"Nisimulie ilivyo."

Mama Chaki akasogeza kiti karibu.

"Anayekuja na begi si mdogo wake," akasema. "Ni mtu aliyefanya naye kazi. Hasemi mengi. Anasema, alinipa hivi nikuletee. Kwenye begi kuna mashati matatu na jozi ya viatu. Mwashi anashuka ngazi. Halii, mimi nilingoja alie, hakulia. Anaingia kwenye nyumba, rangi bado mbichi, anapigilia misumari mitatu ukutani, anatundika mashati. Viatu anaviweka chini yake, vimetazama mlango."

"Halafu anahamia?"

"Hahamii. Anarudi kwenye kibanda chake. Asubuhi anakwenda kufungua madirisha ya ile nyumba, anafagia, jioni anafunga."

"Kila siku?"

"Picha inaisha akiwa anafagia. Lakini mimi nadhani kila siku."

Nje wifi alikuwa akimwelekeza mtu mahali pa kuweka viti. Kisha yule mjane akajifuta uso kwa pindo la pazia la mteja, akaliangalia pale lilipolowa, akalikunja upande huo kwa ndani.

"Haya," akasema. "Deni lake limekwisha." Akainua sauti kuelekea mlangoni. "Wifi! Kesho huyu anakwenda na sisi."

"Na nani?" wifi akauliza kwa ukali.

"Na mimi. Atatembea ubavuni pangu."