Skola Ameshinda, Lakini Si kwa Wimbo

Mdogo wangu ameshinda tuzo ya taifa, na tangu mchana analia.

Skola yuko kidato cha tatu hapa Sumbawanga. Aliingia mashindano ya sanaa ya sekondari, upande wa muziki, kwa wimbo alioutunga mwenyewe. Nilimrekodi mimi, sebuleni, kwa redio ya kaseti.

Ubeti wa pili, bibi yetu akaingia akifoka: "We Skola! Maharage yanaungua, wewe unaliimbia lidude!"

Kaseti ilikuwa hiyo moja. Tukaituma hivyo hivyo.

Leo mama mmoja wa waandaaji kapiga simu kutoka Dar.

Ameshinda. Upande wa maigizo!

Eti majaji hawajawahi kumsikia mwanafunzi akiigiza sauti ya kikongwe vizuri namna ile. Aende Dar akairudie jukwaani.

(Kuigiza hajui. Hata kudanganya hajui.)

Skola akasema ukweli palepale: "Mama, ile sauti ni ya bibi yangu, na maharage yaliungua kweli."

Yule mama akacheka mpaka akakohoa. "Unaona? Hata sasa unaigiza! Haya mwanangu, tukutane Dar." Akakata.

Tumepiga tena, hapokei.

Bibi naye kakasirika: "Nani kasema naigiza? Nilikuwa nagomba!"

Mwalimu wa Skola anasema tunyamaze, tuzo ni tuzo. Mimi sielewi hata kama nimpe hongera au pole.

Skola ameniuliza swali moja tu: "Kaka, kwani wimbo waliusikia?"

Jamani, nimjibu nini?