Mwezi wa Nyongeza wa Marehemu

Juzi nilikuwa kwenye foleni katika duka la kuchapa mabango hapa Kamembe. Mbele yangu alisimama mama mfanyabiashara aliyevuka mpaka kutoka Bukavu, kitambaa cha msiba kichwani, pamoja na binti yake, mwalimu wa Kiingereza. Walikuwa wanatengenezesha bango la kumkumbuka baba wa nyumba.

Binti alisoma kwenye kompyuta, akigonga meza kwa kila neno: "Dear Daddy Departed December."

"Hapo umeandika mwezi wa kumi na mbili," mama akasema polepole. "Papa yako alikufa mwezi wa kumi na moja."

"Najua, Maman. Lakini November inaharibu. Sikiliza: D, D, D, D! Maneno yakianza na sauti moja, bantu banakumbuka."

Nilishtuka nikaangusha karatasi zangu. Mchapaji naye aliondoa mkono kwenye kompyuta kana kwamba imemuunguza. Tangu Kiingereza kishike shule zetu, nimezoea kuona saluni, baa, hata wauza samaki wakijipamba kwa maneno yanayoanza na herufi moja, na sina neno nao. Ila sikuwahi kuona herufi ikisogeza kifo cha mtu.

Mama alikisogelea kioo cha kompyuta. Binti alidhani amekubali, akamwambia mchapaji aendelee.

"Ngoja kwanza," mama akasema. "Kama munaweza kumuongezea mwezi muzima, juu ya nini hamukumupatia wakati alikuwa angali anapumua?"