Kopo Moja la Baruti

Enzi zetu... na msinicheke, najua mtu ambaye juzi tu alikuwa anazungusha spina, kile kidude cha kidoleni, darasani hana haki ya kusema enzi zetu. Lakini sisi tuliolelewa Arlington na Mansfield, huku Texas, na wazazi wa kutoka Kenya tulizeeka mapema. Tunazo enzi. Zilianza kama 2017 hivi, zikaisha 2020 dunia ilipofungwa, na aliyezikosa amekosa mambo.

Nyinyi wa rika langu mnakumbuka. Shule imefungwa, jua la Julai limewaka mpaka lami ya parking inanata kwenye ndala, na sisi tuko pale katikati ya magari tukicheza kati, wa katikati akikwepa mpira wa soksi. Mama ndiye aliyetufunza kuufunga. Watoto wa Kimeksiko wa mlango wa pili walijua kupiga kelele "umeguswa, toka!" kuliko mdogo wangu Musyoka, ambaye ukimwita kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza mpaka leo. Jioni chapati zinanukia kutoka ghorofa moja, nyama choma kutoka nyingine, na hujui uende kujifanya umepotea kwa nani. Watoto wa siku hizi wakitoka nje dakika mbili wanauliza Wi-Fi iko wapi. Mungu awasaidie.

Halafu tukahamia nyumba yetu wenyewe kule Mansfield, nyumba yenye gereji, na hapo ndipo utoto wangu ulipoanza kunukia mafuta ya mashine.

Baba, Mutua mwana wa Machakos, alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Jumatatu alitoka na thermos yake ya chai, Ijumaa akarudi na macho mekundu. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yetu naye, lakini aliipitisha kwa kochi, mdomo wazi, mpira ukiendelea kwa TV bila yeye. Nilikuwa nikikaa karibu na miguu yake nikimngoja aamke. Akiamka, ni saa ya kula, na baada ya kula analala tena.

Alikuwa na bunduki mbili: bastola ya zamani, ile yenye tumbo linalozunguka, na bunduki ndefu ya mtumba. Alizinunua, alisema, kwa sababu nyumbani bunduki aliziona tu kwa mabega ya askari, na alitaka kujua ni nini kile walichokuwa wanatutishia nacho. Basi mtu mmoja wa kazini aliyekuwa anahama akampa mashine ndogo ya chuma ya kujaza risasi upya. Ukishapiga risasi, ganda lake la shaba hubaki. Unalisafisha, unalipachika praima, kile kitufe kidogo kinachowasha moto, unamimina baruti iliyopimwa kwa mizani, unagandamiza kichwa kipya juu. Risasi hiyo, imerudi kazini.

Mama alipogundua, alisimama kwa mlango wa gereji na mwiko mkononi, akamwita kwa jina langu.

"Baba Mwende. Ati unatengeneza nini?"

"Sitengenezi. Najaza tu."

"Risasi? Kwa nyumba yangu? Huko Machakos saa hii ungekuwa ndani, na mimi nakuletea uji!"

Mama ni nesi wa emergency, na ameona vidole vya watu vikiletwa hospitali kwa mfuko wa barafu. Alizungumza sana siku hiyo. Mwishowe akatoa sheria. "Kopo moja la baruti. Moja! Nikiona la pili, hiyo mashine inaenda na lori la takataka la Jumanne, na wewe urudi kwa kochi."

Mimi nilisikia neno moja tu, kochi. Kwa sababu tangu mashine ije, Baba alikuwa macho Jumamosi. Tulikaa naye kwa meza ya gereji, mimi nikichambua maganda, makubwa huku, madogo kule, na Baba akiongea. Nani alijua Baba anaongea? Alinieleza alivyochunga mbuzi, alivyoogopa mwalimu wa hesabu, alivyomtongoza Mama kwa barua iliyojaa makosa. Simu zilikuwa marufuku kwa meza hiyo, moto marufuku, hata biskuti marufuku. Nilimpata baba yangu hapo, na sikuwa tayari kumrudisha kwa kochi.

Shida ni kwamba baruti si moja. Iko inayowaka kwa pupa, hiyo ni ya bastola. Iko inayowaka polepole, inasukuma kwa muda mrefu, hiyo ni ya bunduki ndefu. Na Baba alikuwa na bunduki zote mbili na kopo moja. Hakujali. Alidhani baruti ni kama unga, wowote utapika tu. Huyu ndiye aliyenunua unga wa mahindi wa Kiamerika uliochanganywa na hamira, ugali ukafura kama keki ya harusi, akaula wote akisema uko sawa.

Akampigia Anko Otieno. Anko Otieno hakuwa ndugu yetu kwa damu, ni rafiki ya Baba tangu chuo, mfamasia wa Missouri City upande wa Houston, na makopo yake ya baruti ameyapanga kama dawa, kila moja na kazi yake.

"Mutua, wacha ubahili," alisema kwa spika. "Kiatu cha kwenda kanisani hakiwezi kuwa cha kulimia."

"Gambuti inaenda kote. Hujaishi Ukambani wakati wa mvua."

"Ukambani mvua ilinyesha lini?"

Nilicheka mpaka nikamwaga maganda. Vita vyao vilikuwa vya hivyo, na kila Baba alipotaka kujaribu kopo jipya ilibidi tulipeleke la zamani kwa Anko Otieno kwanza, sheria ni sheria. Oh, zile safari! Sote wanne kwa gari, mandazi ndani ya mkebe wa ice cream, Mama akiimba pambio, Musyoka akitapika kabla ya nusu ya njia kama kawaida yake. Tulisimama kwa kile kituo kikubwa cha mafuta chenye vyoo visafi kuliko hospitali, tukanunua nyama kavu, na Baba akasema bei yake ingenunua mbuzi mzima. Kila mara alisema hivyo.

Kopo la kwanza lilikuwa la ile baruti ya pupa. Kwa bastola, safi. Kwa bunduki ndefu, kipimo chake kilikuwa kiduchu mno, kikiingia kwa lile ganda kubwa kinapotea huko chini. Unaweza kumimina mara mbili na usijue. Baba alilitazama, akalipeleka Houston.

La pili lilikuwa la ile ya polepole. Bunduki ndefu ikaipenda. Lakini kitabu cha vipimo, kile cha watengenezaji wenyewe, hakikusema lolote kuhusu bastola yake. Baba akasema anayenyamaza amekubali.

Tulienda naye range, mahali pa wazi pa kulenga shabaha nje ya mji, mimi na Musyoka tukikaa nyuma ya mstari na vikinga masikio vinavyotufanya tuonekane marubani. Baba akailenga bastola, akavuta. Hakukuwa na mlio. Ilikuwa "pfu" tu. Baba akaganda, mkono umenyooka mbele. Akangoja. Akafungua taratibu, punje za baruti ambazo hazikuungua zikamwagika mezani kama simsim, na kile kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama katikati ya mtutu. Angevuta mara ya pili, mtutu ungempasukia mkononi. Sikuhitaji kuambiwa. Sijawahi kumwona Baba akikunja vitu vyake kimya namna ile.

Kwa gari akatuambia tutamweleza Mama pole pole, baada ya chakula. Tumefika, mlango haujafungwa, Musyoka huyo: "Mom! Dad's gun coughed!" Ati bunduki ya Baba imekohoa.

Mama hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliuliza maswali mawili matatu kwa sauti ya kazini, akapakua chakula, akasema, "Jumanne."

Nililia hapo hapo mezani, bila aibu, ugali mkononi. Mama akaniuliza nalilia chuma? Nikamwambia silii chuma. Nikamwambia Baba akirudi kwa kochi hatazungumza na mimi tena. Baba akainamisha kichwa. Mama akanitazama, kisha akamtazama yeye.

Kesho yake tulipotoka kanisani, Mama aliingia gereji bado amevaa gauni lake la Jumapili na kilemba, akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa.

"Nionyeshe."

Baba akamwonyesha kila kitu, akijikwaa maneno kama mtu wa interview. Mama akamkatiza. "Ukikosea, utajuaje?"

"Nitakuwa makini, Mama Mwende."

"Kila nesi aliyewahi kukosea alikuwa makini. Nimekuuliza utajuaje."

Baba akageukia kitabu cha vipimo. Ndipo Mama akatuambia kwamba kazini hawategemei umakini wa mtu peke yake, wanapanga vitu ili kosa lijitokeze lenyewe, lionekane kabla halijamfikia mgonjwa. Akasema hajali baruti ipi ina nguvu, ipi ina mlio. Anataka ile ambayo mtu akikosea itamsema.

Baba akampigia Anko Otieno. Kicheko kikatoka kwa spika. "Iko moja kama hiyo. Inajaa, inachukua nafasi kubwa kwa ganda. Ukimimina mara mbili inamwagika nje. Iko kwa kitabu, kwa zote mbili, bastola na bunduki ndefu. Lakini Mutua, hiyo ni baruti ya watoto wa Sunday school! Na nguruwe wetu je?"

Hapo ndipo pabaya. Baba na Anko Otieno walikuwa wamepanga kuwinda nguruwe pori mwezi wa Novemba. Kanisa zima lilikuwa limeahidiwa nyama. Mababu zetu Wakamba walikuwa wawindaji, na Baba alikuwa amelisema hilo kwa kila mtu aliyekubali kusikiliza na wengi ambao hawakukubali. Kwa baruti ile mpole, nguruwe angeumia tu akimbie. Baba aliishika simu akitazama ile bunduki ndefu ukutani. Kisha akanitazama mimi, macho yangu bado yamevimba kwa kilio cha jana.

"Nguruwe watajipanga," akasema. "Hiyo hiyo."

Kopo la zamani akalipeleka kwa jirani mpenzi wa bunduki, akapitia dukani. Jumapili hiyo, lakini Texas ni Texas, duka la bunduki liko wazi. Akarudi na kopo. Ndani yake mlikuwa na vipete vidogo vyenye tundu katikati, kama donati za sisimizi. Mama mwenyewe ndiye aliyemimina. Kipimo kimoja kikalijaza ganda zaidi ya nusu. Akamimina cha pili makusudi, kikafurika, kikatapakaa mezani, donati za sisimizi kila mahali.

"Hata Musyoka angeona," Mama akasema. Akapangusa meza, akaenda kubadilisha gauni.

Jumanne lori la takataka likapita, likachukua takataka tu.

Wapenzi wangu, miaka iliyofuata ndiyo ninayoisema nikisema enzi zetu. Anko Otieno aliziita risasi zetu vikohozi vitakatifu, na kanisani walimuuliza Baba habari za nguruwe mpaka akaanza kutokea mlango wa nyuma. Lakini mlio wa baruti ile ulikuwa mdogo, teke lake dogo, hata Mama siku moja akakubali kuja range. Alivaa miwani, akashika bastola kama ameshika chupa ya mkojo ya mgonjwa, akafumba macho. Baba akamwambia, "Mama Mwende, kwa kawaida tunafungua." Akafungua. Mkebe wa soda ukaruka. Wah! Mama akaiweka chini kwanza, kama alivyofunzwa, ndipo akapiga vigelegele mpaka Wazungu wa mstari wa pili wakavua vikinga masikio. Nguruwe yule hatukumla, na sijawahi kumtamani.

Ikafika 2020. Rafu zikawa tupu, tishu hakuna, unga hakuna, baruti hakuna. Mama alikuwa akirudi kutoka hospitali na alama za barakoa zimemkata mashavu, na Jumamosi moja akamwambia Baba, "Unajua nini, nunua hata kopo la pili. Maisha ni mafupi." Baba akazunguka maduka yote kutoka Mansfield mpaka Fort Worth. Hakupata hata chembe. Ruhusa imekuja, baruti imekwisha! Tulicheka sote mpaka Mama akakaa chini. Lile letu likaisha wiki chache baadaye, na Jumamosi iliyofuata Baba akaamka mapema vile vile, akaniita, tukakaa kusugua maganda ambayo hatukuwa na cha kuyajazia.

Siku hizi baruti zimerudi madukani, na Mama ameacha kuhesabu. Baba ana makopo mengi, la bastola kando, la bunduki ndefu kando, kama Anko Otieno. Musyoka ana mazoezi ya mpira kila Jumamosi na hataki kunuka mafuta. Mimi nasoma Houston, na wenzangu wa chuo wanaonea huruma mtu aliyelelewa bila simu mezani. Wao wakiongea na baba zao ni emoji, dole gumba, basi. Siwacheki sana. Baba naye sasa namwona kwenye simu tu.

Hunipigia Jumamosi asubuhi, anaegemeza simu kwa mizani, ile marufuku ameivunja mwenyewe, anaendelea na kazi yake. Zamani tulikuwa wawili pale, sasa mimi ni sauti tu. Juzi tulikuwa tukiongea hivyo, Mama akaingia, akavuta kiti akakaa, akaanza kuchambua maganda. Baba akamwanzia hadithi ya mwalimu wa hesabu. Mama akamwambia hiyo ameisikia, akamsahihisha mwisho wake, wakaanza kubishana, wakacheka, wakasahau kabisa kwamba niko kwa simu. Nilikuwa na mtihani wa kusomea. Sikukata.