Daktari Mwinga na Saumu ya Mume Wangu

Kwanza niseme wazi kwamba Mwinga si daktari. Mwenyewe hulisema hilo kila anapoitwa hivyo: "Mama, mimi ni klinikal ofisa." Sisi watu wa Munje humsikiliza kwa adabu mpaka amalize, kisha tukamwita daktari. Mtu akikupima, akakwambia unachougua, akakupa dawa ukapona, utamwita nani? Fundi cherehani?

Nilimwona siku ile ile aliyoletwa, kwa sababu mlango wangu na mlango wa dispensari inatazamana. Kijana mrefu, mwembamba, Mduruma wa kule Samburu kwenye barabara ya malori, mtoto wa mfugaji, na tena Mkristo. Nikajisemea moyoni, huyu atakimbia kabla mvua hazijaanza. Hakukimbia. Siku hizi hata kuchagua samaki anajua, humfunua mashavu akaangalia wekundu kabla hajanunua.

Tulichokichukia mwanzoni ni maswali yake. Wewe umekwenda na homa, unataka dawa ya malaria urudi shambani, yeye anakutoboa kidole kwanza. Kipimo kikisema hakuna malaria, hakupi dawa ya malaria hata umwangukie miguuni. Anaanza kukuuliza ukikojoa wasikia kuungua, sikio lauma, nyumbani kuna mwengine anayekohoa? Mtoto akiwa na kifua, humfunua nguo akakaa kimya akimhesabia pumzi huku macho yake yako kwenye saa, na mama mtu yuaona amepuuzwa. Mafua hayapi antibiotiki. Mimi niligombana naye aliponinyima sindano ya maumivu ya mgongo, maana kwetu mgonjwa asiyedungwa huona hakutibiwa. Nikamwambia, "Kwani huko kwenu Samburu hamjui sindano?" Akacheka. "Twazijua, mama. Twadunga ng'ombe." Nilirudi nyumbani nimefura kwa hasira, halafu nikajikuta nacheka peke yangu nikichambua mchicha. Nadhani siku ile ndiyo nilianza kumpenda kama mtoto wangu.

Mume wangu, Mzee Kombe, yeye alimpenda mapema zaidi. Alikwenda kuonyesha kidonda cha mguu tu, kidonda kilichokuwa kikikataa kupona, na kijana badala ya kuangalia mguu akamuuliza kama huamka usiku kwenda haja ndogo mara kwa mara, na kama kiu imemzidi. Akampima, akamwambia ana sukari. Tangu hapo Kombe akawa na vidonge vyake, kikubwa na kidogo, asubuhi na jioni pamoja na chakula. Na Kombe ni mtu wa utaratibu. Akiambiwa asubuhi na jioni, basi ni asubuhi na jioni, hata nyumba iwe inaungua.

Ramadhani ya mwaka jana ilipoandama, utaratibu huo ukamtatiza. Asubuhi hapana chakula. Akakaa akawaza kwa akili zake, akaona kutwa nzima bila dawa sukari itapanda juu imuue, kwa hivyo heri anywe vya asubuhi na vya jioni vyote pamoja wakati wa daku, vimlinde mpaka magharibi. Aliniomba maji, nikampa, naye akavimeza kwa furaha ya mtu aliyepata hesabu yake. Wala si yeye peke yake. Nimekuja kuambiwa kwamba mitaa hii yetu wenye sukari wengi hufanya vivyo hivyo kila mwezi mtukufu.

Siku za mwanzo alichoka tu, tukasema ni saumu. Kisha adhuhuri moja alikuwa barazani akisuka makuti na mdogo wake Kibwana, mara akaanza kutokwa na jasho jembamba, mikono ikamtetemeka, akamtukana Kibwana tusi ambalo siwezi kuliandika. Kombe, mtu ambaye hata kuku humfukuza kwa upole! Nilipotoka kuuliza kuna nini, akanitazama akasema, "Wewe mwanamke ni wa nani?" Neno lile liliniingia kama mwiba. Kibwana akasema kaka yake kapandwa na shetani, aitwe Maalim Abdulaziz wa msikitini aje amsomee. Nikamwambia mashetani wote wamefungwa minyororo mwezi huu, huyu mmoja ametoroka vipi? Sikungoja jibu. Nilivuka barabara bila viatu.

Mwinga alikuja mbio na mkoba wake. Hakuuliza habari za shetani. Alimgusa Kombe shingo, akaikuta imelowa na imepoa, akamtoboa kidole, akasoma kimashine chake, na uso wake ukabadilika.

"Mama, sukari imeshuka mno. Akiachwa hivi atazimia, na akizimia twaweza kumpoteza."

"Sukari si huwa imepanda?"

"Hii imeshuka, na kushuka ndiko kunakoua upesi."

Akakoroga sukari kwenye kikombe cha maji, akakisogeza mdomoni mwa mgonjwa. Kombe akauma meno. Alikuwa amenisahau mimi mkewe, lakini saumu yake hakuisahau. "Nimefunga!" akapiga kelele, akakisukuma kikombe, maji yote yakamwagikia suruali ya Mwinga. Kibwana naye akasimama katikati. "Daktari, twakuheshimu, lakini usimvunjishe ndugu yangu saumu."

Niliona mikono ya kijana yule ikisita. Dripu alikuwa nayo mkobani, lakini mgonjwa alikuwa akirusha mikono huku na huku, mshipa ungepatikana vipi? Akakoroga kikombe cha pili, akanipa mimi. "Mama, bado aweza kumeza. Mpe wewe, taratibu."

Nikakaa chini, nikakilaza kichwa cha mume wangu kifuani kwangu. Nikamwambia sikioni, "Baba Swabir, magharibi imeadhiniwa. Futuru." Jua lilikuwa utosini na makuti yalikuwa yakiwaka mwanga machoni petu. Nilisema uongo mchana kweupe katika mwezi mtukufu, na ningeusema tena kesho. Kombe akafumba macho, akasema bismillahi, akanywa mpaka mwisho.

Haikuchukua muda, jasho likakauka. Mwinga akampima tena, akamlisha mkate na ndizi, maana sukari ya kikombe haikai. Kombe akainua macho, akaniita jina langu, nikalia. Halafu akalitazama jua, akanitazama mimi, akaelewa. Hakusema nami tena.

Kile kidonge kidogo hukaa mwilini muda mrefu, Mwinga akatueleza, sukari yaweza kushuka tena bila kubisha hodi. Kwa hivyo akatupeleka hospitali ya Msambweni, tukalala huko. Wakamwondolea kile kidogo, wakamwachia kikubwa, na daktari wa huko akasema mwaka huu Mzee asifunge tena. Tuliporudi, Mwinga alikuja barazani, akaamkia, akasema mbele ya Kibwana, "Mzee, kosa ni langu. Nilikwambia asubuhi na jioni, sikukuuliza Ramadhani utafanyaje." Kombe akampa mkono. Mimi hakunitazama.

Jioni akatangaza kwamba kesho anafunga. Maalim Abdulaziz akaitwa, akamwambia mgonjwa ana ruhusa, atalisha maskini kwa kila siku aliyokula, wala hana dhambi.

"Hilo nalijua kabla wewe hujazaliwa," Kombe akamjibu. "Lakini nile mchana mbele ya wajukuu waliofunga? Au nijifiche jikoni kama paka mwizi? Heri nife nimefunga."

Maalim akaondoka. Usiku ule mimi sikupata usingizi, kwa sababu namjua mume wangu, akisema amesema. Daku akanywa maji na kidonge chake kikubwa, akatia nia.

Mchana wake Mwinga akaja na koti lake jeupe. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Nakuomba hapo dispensari mara moja, nikuangalie ile sukari."

Wakaenda. Nikangoja, nikangoja, mwisho nikawafuata. Chumba cha kupimia kilikuwa kitupu. Nikasikia sauti kwenye stoo ya dawa, na mlango ulikuwa umeegeshwa. Nikachungulia. Mume wangu alikuwa amekaa juu ya katoni la dripu, Mwinga amekaa juu ya jingine, na kati yao hotpoti ya ugali na maharagwe.

"Tangu mwezi huu uandame, Mzee, kila mchana mimi hula humu ndani," Mwinga alikuwa akisema. "Siwezi kutafuna mbele ya watu waliofunga, naona aibu. Humu hapaingii mtu. Lakini kula peke yako gizani na maboksi, Mzee, kwachosha."

Kombe akaitazama ile hotpoti. Kisha akakunja mkono wa kanzu, akanawa kwa maji ya chupa, akamega tonge.

"Bismillahi," akasema. Akatafuna. Akakunja uso. "Kijana, haya ni maharagwe au ni changarawe?"

Niliurudisha mlango polepole, nikarudi nyumbani nikikimbia na nikilia, watu wakidhani nimefiwa.

Usiku ule, baada ya tarawehe, Kombe akaja jikoni, akasimama mlangoni. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu siku ya uongo wangu. "Mama Swabir, kesho upike maharagwe ya watu wawili, uyatie nazi. Yule mtoto hana mtu wa kumpikia."

Nikayatia nazi mbili.