Mwanamke Aliyekataa Kushuka

Hatuna picha ya mama. Ile moja tuliyokuwa nayo, ya kwenye kadi yake ya kupigia kura, ilibaki Kirolirwe, kwetu mlimani, ndani ya kisanduku cha mbao pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo, na siku watu walipokimbia vita hakuna aliyekumbuka kisanduku. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshaolewa huku Kashebere, upande wa Walikale, ambako miti inaziba jua na hakuna anayefuga ng'ombe. Mama alifariki Shasha, kando ya ziwa, miezi mitatu baada ya kuacha nyumba yake. Barabara ilikuwa imefungwa. Habari ilinifikia kwa simu nikiwa kwenye foleni ya maji, na saa walipokuwa wanamzika mimi nilikuwa nafua nguo za watoto, kwa sababu sikujua mikono yangu niipe kazi gani nyingine.

Papa alikuja kwetu baadaye, barabara ilipofunguka, na mfuko mmoja na kofia yake ya malishoni. Jioni ile ile nilimuuliza kwa nini hawakushuka kutoka mlimani na majirani mapema, kabla ya mvua. Akasema: "Mama yako alikatala. Nilimuomba, akakatala kuacha shamba yake." Nami nililibeba jibu hilo miaka. Siku nyingine nilimwonea mama fahari. Siku nyingine, nikiwa natwanga sombe, majani ya muhogo, peke yangu, nilimgombeza moyoni: ungeshuka, mama, leo ungekuwa unaniita kwa simu na kulalamika juu ya magoti yako.

Mimi ni sekretere wa shule ya sekondari. Naandika mitihani na buleteni za wanafunzi, zile ripoti za alama, kwenye kompyuta niliyoinunua Goma ikiwa imeshatumika, na aliyekuwa nayo kabla yangu aliacha ndani yake mchezo mmoja. Si mchezo wa risasi wala wa mpira. Unatengeneza watu, unawajengea nyumba, unawapa vitanda na masufuria, kisha unawaangalia wakiishi: wanapika, wanachoka, wanapendana, wanazeeka. Niliufungua mara ya kwanza mchana mmoja, wanafunzi wakiwa wamekwenda kwao na betri za paneli za jua za shule zikiwa zimejaa. Nikajenga nyumba ya kujaribu. Nilipofika kwenye ukuta wa tatu nikaona kwamba jiko ninalolijenga ni jiko la mama.

Mchezo ulikuwa na masharti yake. Hauna ukuta wa udongo, nikatumia mbao. Hauna maharagi, nikapanda nyanya na kuziita maharagi. Na watu wake hawawezi kuishi bila friji. Ukiwanyima wanalia mpaka wanaanguka kwa njaa. Kwa hiyo friji niliificha nyuma ya nyumba, na kila mara mwanamke wangu alipozunguka kwenda kuifungua nilimkamata picha ya mgongo, friji isionekane, na chini yake nikaandika: "Akaenda ghalani."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuandika. Picha ya kioo cha kompyuta, mistari minne au mitano chini yake, halafu picha nyingine, mpaka sura inaisha. Nilikuwa napenda kuandika tangu nikiwa mwanafunzi, lakini siku zote nilikwama kwenye ukurasa wa pili. Sasa picha zilinivuta mkono. Hadithi niliiita Mwanamke Aliyekataa Kushuka. Ilikuwa juu ya mama mmoja wa mlimani ambaye vita vinakuja, majirani wote wanaondoka, na yeye anasema hatoki, maharagi yake yameanza kutoa maua. Nilizituma sura kwenye kundi letu la simu, la watu wa Kirolirwe waliotawanyika: wengine wako Sake, wengine Goma, wengine Shasha, mmoja yuko mbali hadi Kampala. Waliipenda kuliko nilivyotarajia. Walinisahihisha pia. "Dada, kwetu moshi ya jiko haikuwa inatokea kule." "Weka mti wa avoka karibu na ua." Kila nilichoambiwa nilikiweka, kama mchezo ulikuwa nacho.

Uso wa mama ndio ulionishinda. Mchezo unakupa pua ya kuvuta na kusukuma, mashavu, kidevu, macho. Nilivuta, nikasukuma, na kila mara alinitazama mwanamke mgeni. Siku moja, likizo, nilikuwa nimeileta kompyuta nyumbani. Papa alipita nyuma yangu akielekea kiti chake cha barazani, mahali anapokaa kuangalia lori na moto, yaani pikipiki, zinazotoka Masisi. Akasimama.

"Huyu ni nani?"

Niliona haya. "Ni mama, Papa. Najaribu."

Akainama mpaka kofia yake ikagusa bega langu. "Hii pua haiko yake. Ipunguze." Nikapunguza. "Macho yapande kidogo. Kidogo, nimesema. Hapo. Na hapa, kwa shavu, alikuwaka na kashimo akicheka."

Kashimo mchezo haukuwa nako. Lakini nilipotoa mkono, aliyekuwa ananitazama hakuwa mgeni tena. Hakuwa mama mwenyewe. Alikuwa kama dada yake mdogo ambaye hatukuwahi kuwa naye. Papa alivuta kiti.

Tangu siku ile alikuja kila mchana. Hakujali hadithi. Mimi nilitaka sura inayofuata, na kundi lilikuwa linanisukuma; yeye alitaka tu mwanamke yule akae. "Muache akae," alisema. Mwanamke alikaa kwenye kigoda, akainuka, akamwagilia nyanya, akakaa tena, na papa alimfuata kwa macho kama mtu aliye dirishani. Niliogopa, maana siku zinakwenda katika mchezo ule na watu wake wanazeeka. Nikatafuta mahali pa kuwazuia wasizeeke, nikabonyeza. Sikumwambia papa.

Halafu akauliza: "Na mi niko wapi?"

Nikamtengeneza naye, kijana, mrefu, na kofia. Nikawaweka nyumba moja. Nilitaka picha yao wakila pamoja, ya sura ya tisa. Mwanamume akala, akaiacha sahani chini mlangoni, akaenda zake kwenye ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe alikuwa mweupe, mnene, wa aina moja tu iliyoko mle. Papa alikuwa ameshauliza ni ng'ombe wa nchi gani huyo. Mwanamke akaiona sahani. Akamfuata mwanamume uani, akarusha mikono, akampigia kelele.

"Wanasema luga gani?" papa aliuliza.

"Haiko luga, Papa. Ni sauti tu."

"Basi njo maana hawasikilizane." Akacheka mpaka akakohoa. Nami nilicheka. Kwa muda mrefu sikuwa nimemsikia akicheka hivyo.

Mwanamke aliweka mkono mmoja kiunoni, na wa pili akaunyoosha kuelekea barabara. Papa akaacha kucheka. Alikaa akiangalia ule mkono hadi ugomvi ulipokwisha na wale wawili wakaachana, kila mmoja njia yake.

"Mama yako hakukatala," alisema.

"Hakukatala nini?"

"Kushuka. Ye njo alitaka. Lundi asubui, kesho yake ya Jumapili, majirani walikuwa wanafunga mizigo. Akasimama vile, akanionesha barabara, akasema twende nao. Mi njo nilikatala. Ile ngombe ya mabaka ilikuwa karibu kuzaa. Nikamuambia tungoje izae. Tulingoja siku ine."

Niliuliza swali la kijinga, lakini ndilo lililokuja. "Ikazaa?"

"Ilizaa. Kadume." Alivua kofia, akaivaa tena. "Tukashuka mu mvua. Ngombe na katoto yake tuliziacha vilevile. Kukohoa ya mama yako ilianza pa Sake."

"Na juu ya nini mulituambia ye alikatala?"

"Ulikuwa unalia, mutoto yangu. Watu wote walikuwa wananiuliza. Siku moja nikasema ye njo alikatala, na watu wakasema, oh, ile ilikuwa mwanamuke ya nguvu. Nikaona wanamusifu. Nikaacha vile."

Nilifunga kompyuta. Nilichukua majani ya sombe nikaenda nyuma ya nyumba kutwanga, na nilitwanga mpaka mama mkwe wangu akatoka kuniuliza kama nataka kutoboa kinu. Sikuwa na hasira na papa peke yake. Miaka yote nilimgombeza mama moyoni kwa kosa ambalo hakulifanya. Nilimwambia ungeshuka, na yeye alikuwa ameshasimama uani akionyesha barabara. Ningependa kumwomba msamaha, na hakukuwa na mahali pa kuupeleka. Kwenye mashine kulikuwa na mwanamke anayemwagilia nyanya.

Wiki mbili sikuandika kitu. Kundi likawa linauliza: "Mama yetu iko wapi? Ameuawa?" Mwingine akaandika kwamba binti zake huko kambini wanacheza mchezo wa Mwanamke Aliyekataa, mmoja anakuwa mama na wengine wanakuwa vita. Ningewaambia nini?

Papa alikuwa hasogei tena karibu na kompyuta. Siku ya Jumapili, tukitoka ibadani, alinishika kiwiko njiani.

"Andika."

"Nikiandika, Papa, watu watawaona ninyi vibaya."

"Waone. Nimekuwa muzee." Tulitembea hatua kadhaa. "Ye alikuwa muntu mwenye akili. Wanamusifu juu ya upumbavu yangu. Haifae."

Kuandika hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa picha. Nilihitaji ule ugomvi tena, na wale watu wangu wawili walikuwa wameshapatana. Niliwakuta wanakumbatiana kati ya nyanya, wanacheka, wanapikiana. Nilijaza sahani chafu nyumba nzima. Mwanamke akaziosha zote bila neno. Mchana wa tatu ndipo alipochoka, akatoka uani, akaweka mkono kiunoni. Nilikamata picha kumi na nne haraka haraka, kama ninayeiba. Ng'ombe nilimgeuza aelekee ukutani, weupe wake usionekane sana.

Sura hiyo niliianza na neno moja kwa wasomaji: nilikosea. Nikaandika kwamba mwanamke huyu hakukataa, na kwamba aliyekataa alikuwa mume wake, ambaye aliwapenda ng'ombe wake na aliamini vita vitangoja kama yeye alivyongoja. Nilimsomea papa kabla ya kutuma. Alisikiliza akiwa ameangalia barabara. Mwishoni alinisahihisha neno moja: niliandika "ng'ombe wake", akasema wawili kati yao walikuwa wa mama, wa mahari ya dada yangu.

Kundi lilikaa kimya siku nzima. Sijawahi kuona lile kundi kimya. Nilifikiri nimewaharibia kitu ambacho hawakuwa na kingine cha kuweka mahali pake. Kesho yake mchana ukaja ujumbe wa sauti kutoka Shasha, wa mama mmoja aliyekuwa jirani yetu wa ua kwa ua.

"Dada, ni kweli. Ile Lundi alitufikia na kikwembe amefunga kwa kiuno, akasema, mutangulie, muzee anangoja ngombe, tutakutana pa Sake. Hatukusemaka, juu tuliona muzee iko na huzuni yake tayari. Kaburi tunaipalilia. Mukuje."

Papa aliusikiliza mara mbili. "Walijua," alisema. "Wote walijua." Kisha akaniuliza kama barabara iko wazi.

Ilikuwa wazi, au wazi kiasi ambacho barabara zetu zinakuwa. Tuliondoka wakati wa kiangazi, moto mpaka Masisi, kutoka pale gari mpaka Sake, kisha Shasha. Jirani yetu alitungoja kando ya barabara na jembe mkononi, akatupandisha juu kidogo ya nyumba za mwisho, kwenye migomba. Msalaba wa mbao ulikuwa umeinama. Muhogo ulikuwa umelimwa pande zote, lakini urefu wa mtu mmoja ulikuwa umeachwa bila kupandwa. Papa alipiga magoti akaanza kung'oa majani, ingawa hayakuwa mengi, na aliongea na mama kwa Kihunde, lugha ya kwetu, kwa sauti ya chini. Mimi nilisogea pembeni. Hayo hayakuwa ya kuandika.

Baadaye tulikaa kwa jirani, tukaletewa bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwa. Nikasema mama hakupenda samaki, alikuwa anafunga pua tukileta. Jirani akashangaa.

"Nani? Mama yako? Huku aliuzishaka sambaza. Alikuwa anabeba kitunga asubui na mapema, anapita nyumba kwa nyumba. Akikohoa tunamuambia, kaa, anasema nikikaa nitafikiri."

Niliweka bugali chini. Miezi mitatu ile nilikuwa nimeijaza na kitanda tu, na kikohozi. Sikuwahi kumwona mama akitembea kando ya ziwa na kitunga kichwani, akifanya kazi iliyokuwa inamchukiza. Hata papa hakuwa ameniambia. Nilimtazama, akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo.

"Alikuwa anaita namna gani?" nikauliza.

"Kuita wanunuzi?"

"Ndiyo. Sauti yake."

Yule mama aliangalia mlangoni kama mwenye haya, akainuka, akaweka mkono wazi kando ya mdomo. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mama haikuwa hivyo, lakini mwisho wa neno aliupandisha na kuukata ghafla, kama watu wa mlimani wanavyomwita mtu aliye ng'ambo ya bonde.

"Sambazaaa! Ya leo hii, sambazaaa!"

Huko nje mtu mmoja akaitika, akauliza ni bei gani. Papa alicheka, kisha akaufunika uso wake kwa kofia, akabaki hivyo, na sisi wawili tukaendelea kula polepole ili tumpe muda.