Nilitaka Fasihi, Nikasoma Uuguzi

Nakumbuka mchana ule kama nauona, mwanangu, ingawa mengine mengi ya umri huo yamenitoka. Tulikuwa shambani, kwenye milima juu ya Bigwa, Morogoro, mimi na Mjomba Saidi, kaka yake mama, tukifunga mafungu ya karoti ya kushusha sokoni. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametoka. Kiingereza nilifaulu kuliko wenzangu wote, na Baiolojia na Kemia nazo hazikunitupa. Nikamwambia mjomba nataka tahasusi ya lugha, ili baadaye nikasome shahada ya fasihi ya Kiingereza.

Hakukasirika. Aliendelea kufunga karoti, kisha akaniuliza taratibu, "Hadithi, hapa kwetu hazipo?"

"Zipo, mjomba. Ila nataka kujua zinatungwaje."

Akaliweka chini fungu alilokuwa akifunga. "Mama yako alinifia mabegani," akasema. "Tunamshusha kwa machela, uchungu umemshika, na kati yetu wote hakuna aliyejua la kufanya. Sikulazimishi, binti yangu. Nakwambia tu kinachonijia nikikutazama."

Nikachukua sayansi. Asikwambie mtu kwamba nilishurutishwa. Nilichagua mwenyewe, huku moyo unatamani kingine.

Chuo kikuu, kwenye shahada ya uuguzi, nilisoma maumbile ya mwili, dawa, magonjwa, uzazi. Niliyapenda, tena sana. Lakini nilikuwa nikipita nje ya ukumbi wa wanafunzi wa fasihi, nawasikia wanabishana juu ya mhusika fulani kwa nini alimkimbia mumewe, nasimama pale na koti langu jeupe mkononi mpaka nachelewa kipindi.

Mwaka wa tatu nikarudi Morogoro kwa mafunzo ya vitendo. Katika wodi ya wanawake nilimkuta Mwalimu Tabitha wa Mafiga, mtaa wa pale mjini, mstaafu aliyefundisha fasihi maisha yake yote. Alikuwa amevunjika nyonga, na macho yalishaanza kufifia. Alikuwa na riwaya ya Kiingereza kitandani asiyoweza kuisoma tena.

"Nesi, unajua kusoma kwa sauti?" akaniuliza.

"Najua, mwalimu."

"Basi zamu yako ikiisha, uje."

Nikawa naenda. Nilisoma, naye ananikatiza: kwa nini mwandishi amemnyamazisha yule mama hapa? Kwa nini mvua inyeshe sasa? Nikajibu, tukabishana, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakawa wanatuomba tuwaeleze kwa Kiswahili. Siku moja akanishika mkono. "Wewe umepotea njia," akasema. "Hapa si mahali pako."

Niliondoka wodini nalia. Ni neno nililokuwa nalisubiri miaka yote, mwanangu, na lilipokuja likaniuma. Nikaamua nitaacha uuguzi, nianze upya.

Kesho yake nilipangwa wodi ya wazazi. Akaletwa mwanamke kutoka milimani, kajifungua njiani, damu haikatiki. Alikuwa amenikamata gauni, ananisemesha Kiluguru, lugha ya kwetu, nami namjibu Kiluguru huku mkunga mkuu anatuelekeza. Nilikanda tumbo lake mpaka mikono ikafa ganzi. Damu ikakata. Akauliza mtoto yuko wapi, tukamlaza kifuani pake.

Nikaenda kukaa kwenye ngazi za nje. Nilimlilia mama yangu, ambaye sura yake hata siikumbuki.

Nilipomsimulia Mwalimu Tabitha, akasema, "Jana nilisema kama mwalimu wa fasihi. Baki hapo ulipo. Lakini kusoma usiache, la sivyo utakuja kuwa nesi mwenye kisirani." Tukacheka.

Alipotoka hospitali nikawa namfuata kwake Mafiga siku za mapumziko. Tulisoma riwaya nyingi pale barazani, hadi mwanawe alipomhamishia Mwanza. Huko ndiko alikofia. Ninayo hamu naye mpaka leo. Nikimaliza kitabu kizuri nageuka kama vile kuna wa kubishana naye.

Sasa wewe umeniuliza uchague lipi, fasihi au uuguzi. Kwanza, usichague jina la shahada. Watafute wanaoisoma, uwaulize wiki yao inakwendaje. Fasihi ya Kiingereza si kuongea Kiingereza kizuri. Ni kusoma riwaya nene, tamthilia na mashairi, na kuandika uhakiki unaosimama kwa hoja zako. Uuguzi si sare nyeupe. Ni kukesha, kuosha miili ya watu, na kukumbuka vipimo vya dawa ukiwa umechoka. Jiulize uchovu upi unaweza kuishi nao. Na ujue tahasusi ya kidato cha tano hufungua mlango mmoja na kufunga mwingine, kwa hiyo uliza mapema.

La pili ndilo lililonichukua miaka kulielewa. Utakachokiacha utakitamani. Hamu hiyo isikutishe, wala usidhani ni dalili kwamba ulikosea. Mimi sikukosea, na bado natamani. Ipe nafasi ndogo katika maisha yako, uendelee na kazi.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe akili ya kuchagua na moyo wa kuridhika. Akukutanishe na walimu wenye huruma, na popote mikono yako itakapofika, pawe na mtu wa kushukuru kwamba ulifika.