Nilimnyang'anya mume wangu sahani ya miguu ya kuku kule Chinatown

Wakuu, poleni na majukumu. Hili naliandika kama lilivyotokea, sijaongeza chumvi. Nimekaa nalo miezi saba.

Mimi ni mama, naishi Woolwich, kazi yangu ni carer, nahudumia wazee na wagonjwa. Mume wangu, Baba Imani, alipofika London mara ya kwanza alipata kazi ya kuosha vyombo kwenye mgahawa mmoja wa Wachina wa Kantoni pale Chinatown.

Kazi aliacha, chakula chao hakuacha.

Kila alipopata off ya Jumapili tulikwenda watatu, yeye, mimi na binti yetu Imani. Vinaletwa vikapu vidogo vya mianzi, mvuke unafuka. Kamba waliofungwa kwenye ganda jembamba la unga mpaka unawaona ndani. Bata wa kuchoma. Imani na vikeki vyake vya mayai.

Miguu ya kuku ilikuwa ya Baba Imani peke yake. Laini, ina sosi nyeusi. Ananyonya kifupa kimoja kimoja, ametulia utadhani yuko kwao Mwanza.

(Na nyie mnaosema Wachina wanakula vitu vya ajabu, miguu ya kuku kwenu hamli?)

Mwaka jana akapata stroke, mkono mmoja ukapooza. Kumeza kukawa shida. Hospitali wakasema vyakula laini tu, visiwe na mifupa. Kanuni hizo nazijua, ndizo zinazoniweka mjini.

Siku ya birthday yake akaomba twende kule. Tukampeleka kwenye wheelchair.

Nikamwagizia uji wa mchele, akaula vizuri tu. Kumbe Imani alikuwa ameagiza na miguu ya kuku. Ilipofika, baba yake akanyoosha ule mkono mzima, akachukua mmoja.

Nikautoa mkononi mwake. Sahani nikaivutia upande wangu.

Imani akasema, "Mum, just let him taste it."

Nikamuuliza, baba yako akipaliwa hapa utafanya nini?

Baba Imani hakukasirika. Aliniangalia, akasema, maneno yakimtoka kwa shida:

"Mama Imani, mimi ni mgonjwa wako au mume wako?"

Nilichukua tissue nikamfuta vidole, vilevile ninavyowafuta wazee wa kazini. Sahani ikarudi jikoni haijaliwa.

Siku kumi na moja baadaye stroke ya pili ikamchukua. Hakupaliwa na chochote.

Wakuu, ningeweza kumlambisha ile sosi kidogo kwenye ncha ya kijiko. Hata kuwauliza hospitali kama inafaa sikuuliza. Wazo hilo halikunijia kabisa.

Imani hajanilaumu kwa mdomo. Wiki iliyopita nilimwomba tutoke, sisi wawili, tukale popote anapotaka. Akasema, "Not yet, Mum," akaendelea kukunja nguo. Nikakaa nikamsaidia kukunja.

Nilichojifunza: sisemi mvunje masharti ya daktari, yana maana yake. Ila mtu wako akikuuliza swali kama lile, weka tissue chini umjibu. Jibu nilikuwa nalo, miaka ishirini na miwili ya ndoa nilikuwa nalo, na sikulisema.

Mliowahi kuuguza mtu wa ndani mwenu, nyie mliwezaje? Andikeni, nitasoma zote, hata za kunisema.